Siku Watu wa Nyota Walipoanua Karafuu Zetu

Nianze na waliokuwepo, maana bila ya hao hakuna la kueleza. Nilikuwepo mie, mwenye uwanja. Alikuwepo mke mwenzangu, ambaye marehemu mume wetu alimuoa miaka saba baada ya kunioa mie, na jiko lake na langu yanagawana ukuta mmoja mpaka leo. Alikuwepo mwanangu wa kwanza, mwenye karafuu. Alikuwepo binti yake, mjukuu wangu, mwenye sinema. Alikuwepo mkwe wangu, mume wa binti yangu wa tatu, na gari lake la ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe. Walikuwepo wanawake sita wa hapa mtaani ambao kila msimu huja kutusaidia kuchambua karafuu: wawili ni ndugu wa tumbo moja, mmoja ni wifi yao, na watatu waliobaki wote ni watoto wa shangazi zangu, ukihesabu vizuri. Watoto wadogo sikuwahesabu, kwa sababu wale huongezeka kila ukigeuza shingo.

Majina yao yote ninayo, la mtu na la baba yake na la babu yake. Mjukuu wangu ndiye aliyenambia nisiyaandike humu. "Bibi," kanambia, "wengine ni watu wazima wenye heshima zao, hawatotaka ijulikane kuwa walivaa magunia." Basi sikuyaandika. Lakini yapo.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Mjukuu wangu alimaliza skuli, na baba yake akamtafutia nafasi chuo cha ualimu. Yeye hakutaka ualimu. Tangu mdogo alikuwa anatutengenezea michezo ya kuigiza kwa simu, sote tumo ndani, hata paka. Kuna chuo huko Unguja kinachofundisha kutengeneza sinema, na kile chuo kilimwambia: tuletee sinema yako moja, fupi, tuione, ndipo tukujibu. Baba yake akasema, "Nani kisiwa hiki unayemjua anakula kwa sinema?" Hakuweza kumtaja mtu. Wakavutana wiki mbili, mie nimo katikati nawapelekea maneno kutoka chumba hiki hadi kile, mpaka siku moja mwanangu akasema mbele yangu:

"Nakupa siku moja. Jua likichwa sinema haijamalizika, unafunga begi la ualimu na sitaki kusikia tena."

"Na ikimalizika?"

"Ikimalizika, ikaonekana ni kitu cha kuonesha watu, nitafikiri."

Nitafikiri ya mwanangu naijua. Ni mlango ulioegeshwa, haujafungwa wala haujafunguliwa. Mtoto akaushika huo huo.

Simu yake ilikuwa imepasuka kioo, kila picha inatoka na mstari katikati kama uzi wa kamba ya nguo. Akaenda Wete kwa bwana mmoja anayepiga picha za harusi, akamuomba kamera. Yule bwana akampa kwa siku moja tu, kwa sababu kesho yake alikuwa na harusi. Kwa hivyo siku ilikuwa moja pande zote mbili, kwa baba na kwa kamera.

Hadithi ya sinema yenyewe alinisimulia jikoni, nami nakuna nazi. Katika nyota moja ya mbali sana watu wote wanaumwa na meno. Nyota nzima, kuanzia mfalme mpaka mtoto mchanga. Wametafuta dawa kila pahala hawakuipata. Mwisho chombo chao kinapita juu ya dunia, wanasikia harufu ya karafuu inapanda kutoka Pemba, nao wanateremka hapa kwetu Ole na silaha zao kuja kututeka na kuchukua karafuu zote. Watu wa mji wanakimbia. Sehemu hiyo ya kukimbia, kasema, ndiyo sinema yenyewe. Bila ya watu kukimbia kwa hofu ya kweli, hakuna uvamizi, kuna watu waliovaa magunia tu.

Nikamuuliza, "Na nani atakuwa mkubwa wao?"

Kumbe kila kijana aliyemuendea kamkatalia. Mmoja anaona haya, mwengine anaogopa mchumba wake atamcheka. Aliyekubali ni mke mwenzangu, na umri ule. Alisikia kupitia ule ukuta wa jikoni, akaingia bila ya kuitwa.

"Mie nitakuwa mkubwa wao," akasema. "Kwanza mrefu. Pili nimezoea kumtisha huyu bibi yako."

"Wewe huna jino hata moja," nikamwambia. "Karafuu ya nini?"

"Nawatafutia watu wangu. Mkubwa mwema hajifikirii nafsi yake. Wewe ungekuwa mkubwa ungezila mwenyewe."

Basi asubuhi ya siku ile, baada ya chai, uwanja ukatengenezwa. Lakini karafuu zilikuwa zimeanikwa na haziwezi kuondoshwa, ndio msimu. Majamvi kumi na moja yametandazwa kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye mgomba wa mwisho, karafuu za siku mbili zishaanza kugeuka rangi, na mwanangu anazipita pita kwa mguu mtupu kuzigeuza. Mjukuu wangu akasema hata vizuri, watu wa nyota wamefuata karafuu, nazo hizo hapo.

Chombo cha kushukia kilikuwa gari la ng'ombe la mkwe wangu. Juu yake waliweka dishi bovu la televisheni, lile kubwa lililokufa zamani, wakalifunika kinyumenyume kama kifuniko cha chungu. Pembeni wakafunga mabati. Moshi wa chombo ulitoka kwenye chetezo changu cha udi, kilichowekwa chini ya dishi na ubani mwingi. Mie nilisema moshi wa makumbi ya nazi ungetosha, lakini mke mwenzangu hakukubali kushuka kutoka mbinguni ananuka makumbi. Kwa hivyo watu wa nyota walikuja kututeka wananukia kama maharusi.

Yeye alivaa polo, gunia la karafuu, lililopakwa rangi ya fedha iliyobaki kwenye geti la mwanangu, ndani ana baibui lake kamili, na kichwani kawa langu la kufunikia chakula, lile jekundu na kijani, limechomekwa spoku mbili za baskeli. Machoni miwani ya kuzamia pweza. Mkwe wangu naye polo, na sufuria kichwani. Silaha zao zilikuwa miiko ya kusongea ugali. Ng'ombe hakuvalishwa kitu. Mjukuu wangu alisema wataeleza kuwa nyota ile nayo ina ng'ombe.

Sisi watu wa mji tukawekwa barazani na makapu yetu tunachambua, kama siku zote. Tukaambiwa, chombo kikishuka, mkubwa wao akinyanyua mwiko, pigeni kelele mkimbie mpaka nyuma ya nyumba.

"Haya, anzeni!"

Gari likaja, ng'ombe kainamisha kichwa, ubani unafuka. Likasimama. Mke mwenzangu akateremka kwa heshima, mguu mmoja mmoja, akaja mpaka kwenye ukingo wa uwanja. Akanyanyua mwiko. Kisha akasita. Nikamuona kabisa, ndani ya miwani ile, anajiuliza. Akasema kwa sauti nzuri tu:

"Hodi!"

Na sisi sote saba, wallahi, bila ya kupanga:

"Karibu! Pita ndani!"

Yule wifi ya wale ndugu wawili akainuka kabisa, akasogea kumpisha nafasi kwenye jamvi.

"Bibi mdogo!" mjukuu wangu akapiga ukelele. "Wewe umekuja kuteka!"

"Ndiyo, lakini nimefika uwanjani kwa mtu. Naingia hivi hivi kama kuku?"

"Watu wa nyota hawapigi hodi!"

"Hao wengine labda. Nyota yangu imelelewa."

Tulicheka mpaka mmoja wetu akamwaga kapu. Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa anatazama jua.

Mara ya pili mke mwenzangu akakatazwa kusema neno. Kazi ya kufukuza akapewa mkwe wangu. Alikuwa ateremke kutoka garini kwa kishindo, anikimbize mie, kwa kuwa mie ndiye niliyekaa mbele. Nikajikaza, nikakunja kanga yangu tayari. Gari likafika. Mkwe wangu akaruka kweli, kijana ana nguvu, polo linapepea, mwiko juu. Nikapiga kelele. Nikainuka. Nikakimbia hatua nne, na ile nyonga yangu ya kulia ikanishika, nikapunguza mwendo. Nyuma sisikii kitu. Nikageuka. Mtu wa nyota kasimama mbali, kaweka mwiko nyuma ya mgongo, kainamisha macho chini na sufuria yake.

"Pita tu, mama," akasema. "Pita pole pole."

"Nikimbize, mwanangu! Nipige hata na huo mwiko!"

"Astaghfirullahi, mama. Wewe ni mama mkwe wangu. Nitamwambia nini mke wangu?"

Basi akajaribu tena mara mbili. Kila akinikaribia anapinda njia, anaomba radhi, ananipisha upande wa kulia. Mara ya mwisho alinishika mkono nipande ngazi. Wale wanawake wakawa hoi barazani.

"Uvamizi gani huu!" mmoja akasema. "Mie nataka wanivamie mie pia, wanifulie na nguo."

Mpaka hapo ilikuwa karibu na adhuhuri. Mwanangu alikuwa kasimama kwenye kizingiti, mikono kifuani. Sura yake ilikuwa imeshaanza kufunga lile begi. Mjukuu wangu alikuja akapiga magoti mbele yangu, kashika kamera kama mtu aliyeshika mtoto mgonjwa.

"Bibi, hawaogopi. Hakuna hata mmoja anayeogopa."

Nikamwambia, "Tutaogopa vipi? Tunajuana mno."

Sikumsaidia kwa jibu lile, najua. Nililijutia hapo hapo. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega ili asiachie kamera. Akasema basi tujaribu mara ya mwisho, na isipofaa, ataipeleka kamera Wete mapema. Akarudi pale alipokuwa. Watu wa nyota wakapanda garini. Sisi tukashika makapu.

"Haya, anze—"

Tone moja likaanguka juu ya bati la chombo. Ta!

Asiyekuwa na karafuu hawezi kuijua sauti ile. Sote tulitazama juu. Kutoka upande wa Wete lilikuwa limekuja wingu, jeusi tumboni, sisi tunacheka hatukuliona. Karafuu zikirowa zishakauka nusu huvimba, zikabadilika zikawa nyeupe nyeupe, hazina harufu wala hazina wa kuzitaka. Kazi ya mwezi mzima hupotea kwa mvua ya dakika kumi. Ndiyo maana huku kwetu mvua ikija, huulizi karafuu ni za nani. Uliyegombana naye jana unamuanulia. Mpita njia anaacha baskeli barabarani, anaanua, anaondoka, wala hujui katoka wapi.

Mwanangu akapiga ukelele ambao sijausikia tangu alipokuwa mdogo: "Mvuaaa!"

Ikawa mbio. Makapu yakarushwa. Wanawake sita wakaruka kutoka barazani kwa pamoja, kanga zinaanguka, huyu anamvaa huyu, macho yametoka, midomo wazi, hofu ya kweli kweli ambayo mjukuu wangu kaitafuta tangu asubuhi. Watoto wanalia. Ng'ombe kashtuka, anazunguka na chombo, dishi linayumba, ubani unafuka. Na watu wa nyota, wote wawili, wakarukia uwanjani na miwani yao na sufuria, wakashika majamvi. Mke mwenzangu na umri wake alikunja jamvi zima peke yake. Spoku za kichwani zinatikisika. Mkwe wangu aliyeshindwa kunikimbiza alinipiga kikumbo nikakaa chini, wala hakugeuka kuomba radhi.

Nilipoinuka nikamuona mjukuu wangu. Kasimama katikati ya uwanja. Mkono mmoja una kamera, mwengine umenyooka kuelekea jamvi lililokuwa miguuni pake. Baba yake akamuona pia.

"Weka hiyo kamera! Shika jamvi!"

Mtoto wa Pemba kusimama mvua inanyesha juu ya karafuu za baba yake, hilo si jambo dogo. Watu huja kulisema msibani na arusini. Alinitazama mie. Nami nilikuwa nishabeba jamvi kichwani, siwezi kupunga mkono wala kunyanyua nyusi. Nikampita karibu, nikamwambia neno moja:

"Piga!"

Akajitupa chini ya gari la ng'ombe, akapigia pale, baina ya magurudumu, kamera haipati tone. Ndiyo maana kwenye ile sinema unaona miguu kwanza, miguu mingi inayokimbia, ndipo zikaja sura.

Nilikusudia kurudi kulianua lile jamvi lake. Nilimuahidi moyoni. Nyonga haikunipa. Nilipofika nalo mlangoni jamvi langu, mvua ikawa ishamwagika. Majamvi kumi yaliingia ndani. Moja lilirowa, lile la miguuni pake, tukatazama kwa dirishani karafuu zinaelea kwenye mikunjo yake. Ndani tumebanana, watu na watu wa nyota, tunahema. Rangi ya fedha inamchuruzika mke mwenzangu shingoni. Mjukuu wangu akaingia wa mwisho, magoti yote matope, kamera kavu.

Mwanangu hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alisema tu, "Kumi na moja yalikuwa," akaenda zake msikitini.

Mvua ilipokatika mjukuu wangu akapiga kipande cha mwisho, chombo kikiondoka, na kamera ikarudi Wete siku ile ile kabla ya magharibi. Begi la ualimu likatolewa juu ya kabati, likawekwa sebuleni kwa mwanangu, wazi, lina taulo jipya. Siku kumi baba na binti walisalimiana tu. Mie nilikwenda kumwambia mwanangu kwamba kosa ni langu, mie ndiye niliyemwambia apige, na jamvi nilikuwa nianue mie. Akanijibu, "Mama, wewe huna kosa kwangu," akabadilisha mazungumzo. Nikatoka na kosa langu kama nilivyoingia nalo. Na mjukuu wangu alikuwa amejifungia na kompyuta ya shoga yake, anaunga vipande.

Ijumaa moja, baada ya sala na chakula, akatuita tuje tuone. Tulijaa sebuleni kwa mwanangu mbele ya televisheni, sote walewale, na lile begi limesukumwa chini ya kochi tupate pa kukaa. Mwanangu hakukaa. Alisema kaja kuchukua funguo za stoo, akasimama mlangoni na funguo mkononi.

Ikaanza. Chombo kikashuka. Mjukuu wangu hakuitupa ile hodi, aliiacha, na sisi tunaitikia karibu, sebule nzima ikapasuka. Kisha mkwe wangu ananisindikiza ngazini. Kisha ile sauti, ta!, na miguu. Kaibadilisha hadithi yake. Watu wa nyota wamekuja kuteka, wameshindwa kwa adabu, na walipoona mvua inataka kuharibu karafuu, hawakuweza kustahamili, wakaanua na sisi.

Hapo akatokea mwanangu mwenyewe. Kavua koti, kofia imempinda, anavuta jamvi na upande wa pili wa jamvi hilo yupo mkubwa wa watu wa nyota na spoku zake. Na mwanangu anamkemea, sauti inasikika wazi kabisa:

"Kaza ncha hiyo, mama mdogo! Inua! Hujawahi kuanua wewe?"

Nikasikia kitu mlangoni. Nilidhani mtu anakohoa. Ilikuwa mwanangu anacheka. Mtu huyu hacheki ovyo. Kwa mara ya mwisho nilimsikia baba yake yu hai. Alicheka mpaka funguo zikamwanguka, akaziacha chini.

"Rudisha pale," akasema. "Rudisha."

Ikarudishwa mara tatu. Mara ya tatu hakucheka, alikuwa anatafuta kitu kwenye kioo.

"Na wewe mwenyewe uko wapi? Sikuoni."

"Nipo chini ya gari, baba. Napiga."

"Na lile jamvi pale nyuma, lililobaki?"

Mjukuu wangu akasema, "Ndilo lile."

Mwanangu akalitazama jamvi lile kwenye televisheni, limelala peke yake kwenye mvua, watu wote washaondoka. Mjukuu wangu kaliacha pale muda mrefu kabla ya kuendelea. Kisha watu wa nyota wakapewa kila mmoja pakacha la karafuu, wakapanda gari lao wakenda zao, na ng'ombe anapiga hatua kuelekea mbinguni pole pole.

Majina yalikuwa bado hayajaandikwa mwishoni. Mwanangu akainama akaokota funguo.

"Ukiandika majina ya walioigiza," akasema, "na jamvi liandike. Limefanya kazi kuliko mkwe wa bibi yako."

Kisha akalivuta begi chini ya kochi, akatoa karatasi za ualimu zilizokuwemo, akazikunja akatia mfukoni. Taulo akaliacha. "Hilo hata huko Unguja utaogea," akasema, akaenda stoo.

Majina yale niliyataja mie, mjukuu wangu anaandika, wote na baba zao, na jamvi la kumi na moja likawa la mwisho. Chuo kilimjibu. Yuko huko sasa, mwaka wa pili. Sinema imezunguka kwenye simu za watu, hata Mgogoni kwa ndugu zangu wanaangua kicheko wakimuona mke mwenzangu njiani, wanamuuliza kama jino limepoa. Naye anawajibu kwa ule mwiko, maana anatembea nao.

Nimeyaandika kama nilivyoyaona. Mke mwenzangu anasema majamvi yalikuwa kumi na mbili, na kwamba hodi ilikuwa ya mara ya pili, si ya kwanza. Anasema pia mie sikuanguka, nilikaa kwa kupenda. Huenda. Wewe uliyekuwepo siku ile, au mama yako alikuwepo akakuhadithia, kama nimemsahau mtu au nimempa mtu jamvi ambalo hakulibeba, njoo unisahihishe. Nipo barazani kila siku baada ya alasiri. Piga hodi tu.